Mistari Myeupe ya Fidla Yako

Matrah, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Nasor,

Salamu tumeshapeana mchana kwenye sinia ya wali, na dua mama yako amekusomea tangu asubuhi mpaka nadhani kuku wa jirani wamezihifadhi. Kwa hiyo naanza katikati. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na shangazi yako hamwachi mtu mpaka amlishe mara mbili, basi nina muda mpaka karibu na magharibi. Nataka niwe nimemaliza kabla sijasikia viatu vyako njiani, kwa sababu nikikuona usoni nitaanza habari za sanduku na za baridi ya Shiraz, na lile lenyewe nitalimeza tena.

Ya sanduku namwachia mama yako. Ameshakwambia ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya kutolala na nywele mbichi na ya kutowaamini watu wanaocheka sana melini. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani miaka mitano.

Juzi nilikuwa nimesimama mlangoni, na wewe uko jikoni hujui kama nipo. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Kitu cha mwanzo nikifika, ntamuomba radhi Aga Karim. Nilimharibia ile arusi." Mama yako alinitazama mimi juu ya bega lako, na kijiko kikasimama chunguni. Ulipotoka akaniambia, "Safari hii utasema wewe, au nseme mimi?" Nikamwambia nitasema. Tangu juzi sijakaa mahali pamoja. Dukani nimeifungua redio ya mtu na kuifunga mara tatu bila kujua nilikuwa natafuta nini ndani.

Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza ilijaa nasaha, nikaisoma nikajiona khatibu, nikaichana. Ya pili ilianza na nchi tuliyotoka na jinsi dunia ilivyogeuka, nikaona nakimbilia mbali, nikaichana nayo. Katika hii nasema mara moja, halafu nitakueleza ilivyokuwa: hukumkosea kitu Aga Karim. Aliyemkosea ni mimi, na aliyekuacha uamini vingine ni mimi.

Ndani ya bahasha utakuta ufunguo mdogo wa chuma wenye mpini wa mbao. Usidhani ni wa redio. Ni wa kukazia nyuzi za santur, na ni mali yake.

Sasa ngoja nianze mbali kidogo, si sana. Tulipotoka Unguja ulikuwa na miaka kumi na mitatu na ulitapika njia nzima, kwa hiyo hukuona mengi. Mizigo tuliyoweza kuchukua ilikuwa michache. Mama yako alitaka cherehani yake, mimi nilitaka kodiani yangu, na vyote viwili havikuingia. Nikamwambia cherehani zipo kila mahali duniani. Akasema, "Na makodiani ndo hayapo, baba Nasor?" Nikaibeba kodiani. Mama yako alitushonea nguo kwa mkono mwaka mzima na hakuitaja ile cherehani hata siku moja. Ningependa angeitaja. Mpaka leo nikimwona anatia uzi kwenye sindano huwa natoka nje.

Nakwambia haya upate kujua Aga Karim alikutana na mtu wa namna gani. Kwetu, katika klabu ya taarabu, tulikuwa wachache tuliojua kusoma nota. Alinifundisha Mgoa mmoja aliyekuwa akipiga piano kwenye madansi ya wakubwa, na nilipojua kusoma nilijiona nimefika. Kila wimbo niliousikia niliuandika, na uliokataa kuandikika niliuona una kasoro. Wenzangu waliimba kwa roho, mimi nikiwasahihisha kwa penseli. Walinivumilia kwa sababu nilikuwa na kodiani.

Aga Karim unamkumbuka kwa ndevu na kwa harufu ya mafuta ya taa. Duka lake lilikuwa ubavuni mwa langu, yeye akitengeneza fanusi, mimi redio. Katika mji huu ambao mtu haruhusiwi kutoka usiku bila fanusi mkononi, fundi wa fanusi hafi njaa. Siku moja nilikuwa najaribu redio ya mtu, mshale ukaangukia stesheni ya ng'ambo, ya Waajemi. Fidla nyingi, piano chini yake, na kati yake chombo nisichokijua kikidondosha sauti ndogondogo. Nikaanza kuuzungusha mshale nitafute habari. Nikamsikia mtu nyuma yangu, "Usiitoe." Alikuwa amesimama na chuma cha kulehemu mkononi, bado kinafuka moshi. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi dukani kwake bila kuaga. Kesho yake alikuja na kitu kimefungwa kwenye shuka.

Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni kibao cha kukatia nyama kilichotiwa nyuzi. Nyuzi sabini na mbili, nilizihesabu, nne nne, na anazigonga kwa vijiti viwili vyepesi. Akasema ni santur. Mama yako alicheka kwa kuwa kwetu santuri ni ile ya sahani, na Aga Karim akacheka naye ingawa sidhani kama alielewa. Baada ya siku ile santur ililala kwetu, chini ya kitanda chako, kwani muziki hapa umekatazwa, na kutembea nayo njiani watu wakaiona ilikuwa kujitafutia balaa. Tulikuwa tukifunga madirisha, tunasimamisha godoro mlangoni, tunakaa watatu chumbani na joto lile, na mama yako anatupenyezea maji kama tuko kifungoni. Nadhani ndiyo miezi niliyofurahi kuliko yote tangu tuje huku, na niliiharibu kwa mkono wangu.

Shida ilikuwa sauti moja. Unaijua, lakini nataka uisikie kwangu. Kodiani sauti zake zimefungwa tangu kiwandani. Ukibonyeza kitufe unapata ileile, leo na kesho, huwezi kuibembeleza. Santur ya Aga Karim ilikuwa na sauti iliyokaa kati ya vitufe viwili vyangu, si huku wala si huku, na ule wimbo aliokuwa akiupenda ulipita hapo kila mara. Tukifika pamoja, meno yaliuma. Mimi nikanuna. Yeye hakuona tabu hata kidogo.

"Hapo nyamaza, Abu Nasor," alisema. "Mwache mtoto apite na fidla. Halafu rudi."

Kisha akakushika kidole cha tatu, akakivuta nyuma kiasi cha unene wa kucha. "Hapa. Usitazame. Sikiliza." Ulikipata kwa siku tatu. Mimi, niliyeshika fidla miaka ishirini, nilijaribu ukiwa skuli nikashindwa. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea njia zake, ukifika pale unateleza ama juu ama chini. Nilikuonea wivu, mwanangu. Sijapata kumwambia mtu, hata mama yako, ingawa nadhani anajua. Nilikaa na kodiani kwenye mapaja, nimenyamazishwa katikati ya wimbo, namtazama mtoto wangu wa miaka kumi na minne akipita mahali nisipoweza kupita, na mzee wa watu amefumba macho kwa raha.

Nimenyanyuka kwenda kutazama dirishani. Nilidhani ni wewe, kumbe ni mtoto wa jirani na mbuzi wake. Mama yako ameuliza kutoka jikoni kama nimekwisha. Nimemwambia bado. Amesema, "Basi kaa chini uandike, unanitia kizunguzungu."

Arusi, sasa. Yule tajiri muuza vitambaa alikuwa anamuoza binti yake, na alisikia kwa watu kwamba tuna kitu kipya, Uajemi na Uzungu pamoja na kidogo cha kwetu. Akataka tupige uani kwake baada ya alasiri, milango imefungwa. Wageni wangekuwepo kutoka Basra na kutoka Bombay. Mimi nikaona wakati wangu umefika. Kichwani nilisikia ile redio, vyombo vyote vikipiga kwa pamoja, hakuna anayengoja. Nikafika kwenye ule wimbo, nikafikiria nitakavyokaa mbele ya wageni wale na kodiani yangu kubwa, kimya, wakati mtoto na mzee wanapita. Sikutaka kunyamaza. Nimeitafuta sababu nyingine miaka yote hii, iliyo na heshima zaidi kidogo, na sijaipata.

Asubuhi ya arusi Aga Karim alikuwa anamalizia fanusi za wenye shughuli. Nikaenda, nikamwambia kuna uzi umelegea, naomba ufunguo. Hakuinua hata kichwa. "Umo mfukoni mwa koti, chukua." Nikauchukua. Nyumbani nikaitoa santur chini ya kitanda chako, nikaiweka juu ya mkeka, nikazikaza zile nyuzi za ile sauti, kumi na mbili, moja moja, huku nikibonyeza kodiani kwa upande wa pili, mpaka zikakaa sawasawa na kitufe changu. Zilikuwa zikilia nilipozivuta. Mama yako akaja na mikono imejaa unga.

"Aga Karim anajua?"

"Akisikia atafurahi."

"Nimekuuliza anajua?"

Nikamwambia, "Mambo ya muziki wewe huyajui." Akarudi jikoni. Wewe ulikuwa umekwenda kwa dobi kuchukua kanzu zetu, na uliporudi santur ilikuwa imeshafungwa kwenye shuka lake, na mimi nikakuambia upesi tumechelewa.

Aga Karim alikuja akikimbia, fanusi zilimchelewesha. Sisi tumeshakaa, tajiri ameshainua mkono. Siku zote alikuwa akiugusa kwanza kila uzi kabla ya kupiga, unakumbuka, kwa subira iliyokuwa ikinichosha. Siku ile hakupata nafasi, na nadhani hakuona haja, kwa vile ililala nyumbani kwa rafiki yake. Akafuta mikono, akashika vijiti, akaanza.

Kwenye mstari wa pili akafika pale. Vijiti vilisita, kidogo sana, asiyemjua asingeona. Halafu vikaendelea. Hakunitazama. Pale alipoweza kuizunguka ile sauti aliizunguka, na pale asipoweza aliigonga kama nilivyoiacha mimi. Ikaja zamu yako. Mimi sikunyamaza, nilivuta kodiani kwa nguvu zangu zote, santur ikaja na mimi, na wewe ukaweka kidole chako palepale ulipofundishwa. Ikawa wewe ndiye uliyekosea. Nyuma ya pazia wanawake wakacheka. Mimi nikageuka mbele ya watu nikasema, "Kidole, Nasor." Ukakisukuma juu, ukainamisha kichwa, ukapiga hivyo mpaka mwisho na machozi yakiingia kwenye fidla.

Walitupigia makofi marefu. Tajiri alinikumbatia, akasema hajapata kusikia vyombo viwili vya mataifa mbalimbali vikipatana hivyo. Nikasema alhamdulillahi. Nikapokea sifa zote, na tulipotengewa halua nilikula.

Hili linalofuata ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Aga Karim alikuwa mlangoni, santur kwapani, anavaa viatu. Nilimfuata nikidhani nitamweleza. Akaniambia polepole, kwa Kiarabu chake kile cha kuchagua maneno:

"Abu Nasor, ungeniambia, ningekaa nyumbani ukapiga peke yako." Akakifunga kiatu cha pili. "Na mtoto usimkaripie. Yeye tu ndiye aliyepiga wimbo."

Akaondoka. Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza na sikupunguza. Yalikuwa yako na nilikaa nayo mimi.

Ulipofika nyumbani uliniuliza, "Baba, Aga Karim kakasirika kwa ajili yangu?" Nikakujibu, "Wazee ndo walivyo. Fanya mazoezi." Sikusema ndiyo. Nimejikinga na hilo miaka mitano, kwamba sikusema ndiyo. Lakini ulikuwa mtoto, ulisikia ndiyo, na mimi niliona kwamba umeisikia. Wiki ile Aga Karim hakuja kwetu, na dukani akawa ananiitikia salamu tu. Na wewe ukaniletea fidla yako mwenyewe. "Nitilie alama, baba, nisikosee tena." Nikachukua ile rangi nyeupe ninayofanyia upya namba za redio, na brashi ya nywele mbili tatu, nikakuchorea mistari kwenye shingo ya fidla, kila sauti na mstari wake, kama zilivyo kwenye kodiani. Kazi safi. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote nikilikumbuka.

Alipofunga duka kurudi kwao Shiraz, niliambiwa na watu sokoni. Nilikwenda forodhani na ufunguo wake mkononi, kwa sababu siku ya arusi uliniganda mfukoni na baadaye niliona haya kumrudishia. Nikasimama nyuma ya magunia ya tende. Yeye alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, na lile shuka la santur amelipakata. Mara mbili aligeuka akatazama njia ya sokoni. Labda alikuwa akimtafuta mpagazi. Nilijiambia akigeuka mara ya tatu nitatoka. Hakugeuka.

Ndiyo hivyo, Nasor. Baada ya hapo ukawa mpigaji msafi sana. Watu wananisifia wewe, wanasema hukosei, na ni kweli hukosei, ukifuata mistari. Lakini ule wimbo hujaupiga tena, na nyimbo nyingine zikikaribia mahali kama pale nakusikia unakaza mkono, unaruka haraka kama mtu anayepita penye mbwa. Mimi nami sijapona. Nikiwa peke yangu dukani na mlango nimeufunga, naupiga ule wimbo kwa kodiani, na nikifika pale nanyamaza. Nahesabu nafasi yako na yake, halafu narudi. Siku moja mama yako alinikuta akaniuliza, "Unamngoja nani hapo?" Nikamwambia nimesahau kitufe.

Sasa barua ya Aga Karim kutoka Shiraz. Ilikuja kwa Kiajemi, nikaipeleka kwa mzee muuza marashi anisomee, nikarudi nikakupa habari. Nilikuambia kwamba wako watano, wanapiga nyimbo zao za zamani kwa santur na kwa vyombo vya Ulaya, na wanamtaka mpiga fidla aliyezoea kusikiliza pande mbili. Nilikuambia pia habari ya mpiga piano aliyesoma Ulaya, kwamba amezilegeza baadhi ya nyuzi za piano yake zikutane na santur. Yote hayo kweli. Lakini kuna sentensi mbili nilizoziacha. Moja ni ya huyo mpiga piano. Aga Karim ameandika, "Kabla ya kugusa chochote, chake au changu, alikuja kwangu siku tatu akakaa akasikiliza, halafu akaniuliza." Muuza marashi aliisoma kama sentensi yoyote. Mimi ilibidi nitazame chupa zake.

Ya pili ilikuwa mwisho kabisa, chini ya jina lake. "Mtoto bado anaweka kidole pale nilipomwonyesha?"

Sikuweza kukuletea swali hilo na mistari ile ipo. Ulijibu barua, ukakubali, ukahangaikia kibali cha kutoka miezi yote hii, na swali lake halijajibiwa na mtu. Barua yenyewe naitia humu pamoja na ufunguo. Wapo watakaokusomea melini, Waajemi hawakosekani, na ningependa uisikie kwa mdomo wa mtu mwingine uone kama sikuficha tena.

Ufunguo mpe wewe mwenyewe, mwambie umetoka kwangu, na mwambie ulivyotoka kwangu. Usiniombee radhi. Kama atataka kuniandikia, njia anaijua. Kama hatataka, mimi nitaelewa na wewe usigombane naye kwa ajili yangu, kwani una kazi kubwa mbele yako kuliko kusuluhisha wazee. Mtakapokaa na piano na santur, itatokea siku mtu mmoja atataka kila kitu kimfuate yeye, na atakuwa na sababu nzuri, na watu watampigia makofi. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi najua nilivyofanya, na nimekuandikia ili usije ukadhani baba yako angekuwa upande wa haki.

Lipo moja la leo hii. Nilipoifikia sentensi ile ya kidole niliweka kalamu chini nikaenda chumbani kwako. Fidla iko juu ya kitanda, imeshapangwa. Nikaifungua. Nikatia spiriti kwenye kitambaa nipate kuifuta ile mistari kabla hujarudi, ukifika Shiraz ukaifungue uikute shingo tupu, nyeusi, kama ilivyokuwa. Nilikwisha kufurahi, nimeshaanza kukuona unavyoshangaa. Kitambaa kilikuwa kimefika karibu ya mstari wa kwanza. Ndipo nikaona nilipokaa: kwenye mkeka uleule, na chombo cha mtu mbele yangu, na mwenyewe hayupo.

Nikairudisha. Mistari iko yote kama ulivyoiacha. Chupa ya spiriti na kitambaa nimeviweka kando ya kisanduku. Labda umeizoea, labda unaihitaji huko mwanzoni ugenini, hilo mimi silijui na sitakisia. Ni fidla yako. Na swali la Aga Karim jibu lake ni lako.

Nasikia kikohozi cha shangazi yako mwisho wa njia, maana yake amekusindikiza na mnakuja taratibu. Barua hii nilikusudia kuificha chini ya fidla ukaisome baharini, mimi niko huku, salama. Mama yako alinitazama tu nilipomwambia. Kwa hiyo nitakupa mkononi, sasa hivi, ukishavua viatu. Nitakuuliza nikae au nitoke. Ukisema nitoke, nitakuwa jikoni, nawasha moto ambao umeshawashwa. Ukisema nikae, nitakaa, na sitasema kitu mpaka umalize.

Baba yako